Kuba la Houston: Sifa Zake na Hukumu Yake

Msomaji, ukisikia neno uhakiki huenda ukafikiri mara moja juu ya vitabu: riwaya, tamthilia na tenzi. Wazo hilo si kosa, lakini ni fupi. Kila kazi itokayo katika akili na mikono ya watu yaweza kutiwa katika mizani, iwe ni utenzi au daraja, iwe ni wimbo au nyumba. Tena nyumba yapasa kuhakikiwa kwa uangalifu zaidi kuliko kitabu. Kitabu kibaya hufunikwa kikarudishwa rafuni, bali jumba baya halina rafu ya kuwekwa. Husimama mbele ya macho ya watu wote, na gharama yake aghalabu hulipwa na watoto wa wale waliolijenga.

Katika insha hii nataka tulihakiki jumba moja lililovuma sana ulimwenguni, nalo ni uwanja wa michezo wenye kuba uliojengwa katika mji wa Houston, jimbo la Texas, nchi ya Marekani. Serikali ya wilaya iliyoujenga iliuita Uwanja wa Kuba wa Wilaya ya Harris, lakini dunia yaujua kwa jina la Astrodome. Ulifunguliwa mwaka wa 1965, nao ulikuwa uwanja mkubwa wa kwanza wa besiboli na futiboli ya Kimarekani kufunikwa wote kwa paa na kupozwa hewa kwa mitambo. Tutauliza maswali matatu. Wajenzi walikusudia nini? Je, walilitimiza kusudi lao? Na je, kusudi lenyewe lilistahili kutimizwa? Swali la kwanza ni la haki, kwa sababu hatuwezi kumlaumu mfinyanzi wa mtungi kwa kuwa hakufinyanga chungu. Swali la pili ni la kazi. Swali la tatu ni la hekima, na hilo ndilo wahakiki wengi husahau kuuliza.

Tuanze na kusudi. Houston ni mji ulio karibu na Ghuba ya Meksiko. Hewa yake wakati wa kiangazi ni ya joto na unyevu, kama ile aijuayo mtu wa Mombasa katika mwezi wa Februari au Machi, na mvua zake huja kwa ghafula. Mwaka wa 1962 mji ulipata timu ya daraja la juu ya besiboli, mchezo upendwao sana na Wamarekani. Kwa miaka mitatu timu hiyo ilicheza katika uwanja wa muda usio na paa, na watazamaji waliteswa na mambo mawili: jua na mbu. Ndipo alipotokea Roy Hofheinz, mwanasheria aliyekuwa meya wa Houston tangu mwaka wa 1953 mpaka 1955, akaishikilia fikira ya kujenga uwanja wenye paa. Warumi wa kale walikuwa wamekwisha kutandika turubai juu ya uwanja wao mkuu ili kuwakinga watazamaji na jua, na Hofheinz alipenda kuutaja mfano huo. Walakini yeye hakutaka turubai. Alitaka kulifungia nje jua lote, mvua yote na mbu wote.

Kwa hiyo kusudi lilikuwa wazi, wala halikuwa la kipuuzi. Watu walitaka kutazama mchezo bila ya kuugua kwa joto. Mwaka wa 1961 wapiga kura wa wilaya walikubali fedha za umma zikopwe kwa kazi hiyo. Tarehe 3 Januari 1962 wakuu walikutana kuanzisha ujenzi, na badala ya kupiga jembe ardhini walipiga bastola, kwa kuwa timu yao wakati ule iliitwa kwa jina la bastola ya aina ya Colt. Shika jambo hilo dogo, msomaji. Tangu siku ya kwanza kazi hii ilichanganya mambo mawili, uhandisi na maonyesho, na kila tutakapoichunguza tutayakuta yote mawili pamoja.

Uhandisi wake ulikuwa wa ajabu kweli. Kuba lilivuka nafasi ya futi 642, yaani mita zipatazo 196, bila ya nguzo hata moja katikati. Toka uwanjani hata kileleni ni futi 208, kiasi cha jengo la ghorofa 18 kuweza kusimama ndani. Uzito wa paa ulichukuliwa na vyuma vilivyosukwa kama wavu, kila kipande kikimsaidia jirani yake, kama vijiti vya tenga. Katikati ya vyuma hivyo viliwekwa vipande zaidi ya 4,500 vya plastiki ing'aayo ili mwanga wa jua upite uoteshe nyasi zilizopandwa ndani. Mitambo mikubwa ilipoza hewa mpaka nyuzi 22 au 23 za Selsiasi. Kuhusu kipengele hiki mhakiki mwadilifu hana budi kuvua kofia. Kabla ya hapo hakuna aliyejua kwa yakini kama mchezo wa besiboli, ambao mpira wake hurushwa juu sana, waweza kuchezwa chini ya paa.

Tarehe 9 Aprili 1965 uwanja ulifunguliwa. Timu ya nyumbani, ambayo sasa iliitwa Astros kwa heshima ya wanaanga, kwa kuwa kituo cha kuongozea safari za anga kilikuwa kimewekwa Houston, ilicheza na New York Yankees. Rais Lyndon Johnson alikuwapo. Katika mwaka ule wa kwanza watazamaji zaidi ya 2,000,000 walikwenda kutazama besiboli mahali hapo, na uwanja ukaitwa ajabu ya nane ya dunia. Wahenga wetu walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Hebu sasa tukitazame kidonda.

Kidonda cha kwanza kilitokana na kitu kile kile kilichosifiwa sana, yaani paa lenye kupitisha mwanga. Mchana jua lilipopiga, vipande vile vya plastiki viling'aa mno, na wachezaji waliotazama juu kuufuata mpira hawakuuona. Mpira uliporuka juu waliinua mikono kukinga vichwa vyao badala ya kuudaka. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuvipaka rangi vipande vya paa. Wachezaji wakaona mpira, lakini nyasi zikakosa mwanga, zikafa. Timu ilimaliza mwaka ikicheza juu ya nyasi zilizokufa, nazo zikapakwa rangi ya kijani ili watazamaji wazidhanie kuwa hai.

Tafakari mfululizo huo. Paa liliondoa jua, kwa hiyo nyasi zikahitaji mwanga, mwanga ukawapofusha wachezaji, rangi ikaondoa mwanga, nyasi zikafa, na mwisho wakapaka rangi mauti. Kosa halikuwa katika hesabu ya vyuma, maana vyuma havikuanguka. Kosa lilikuwa katika kufikiri kwamba waweza kuliondoa jambo moja katika maumbile na yote mengine yakabaki kama yalivyokuwa.

Mwaka wa 1966 ilipatikana dawa nyingine. Kampuni ya Monsanto ilikuwa imekwisha kutengeneza zulia la nyuzi za nailoni lililofanana na nyasi, na zulia hilo likatandikwa Houston, likapata jina la AstroTurf. Toka hapo nyasi bandia zilienea duniani. Wachezaji wengi walilalamika kwamba zilikuwa ngumu, ziliwachubua ngozi na kuwaumiza magoti. Hata hivyo wenye viwanja walizipenda, kwa sababu hazikuhitaji mvua wala mtunza bustani.

Huenda ukauliza, hayo yatuhusu nini sisi wa Kenya? Yatuhusu. Mwaka wa 1971 timu yetu ya mpira wa magongo ilikuwa ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Barcelona. Katika Olimpiki za Montreal mwaka wa 1976 mchezo huo ulichezwa kwa mara ya kwanza ya Olimpiki juu ya nyasi bandia, na baadaye ikawa desturi kwamba mashindano makubwa hayachezwi juu ya nyasi za kweli. Nchi tajiri zikatandika viwanja vingi, nchi maskini zikabaki na nyasi zao, na vijana wakafundishwa mchezo mmoja nyumbani na kukutana na mwingine ugenini. Sababu za kushuka kwetu katika mchezo huo ni nyingi, wala sisemi kwamba Houston ilituangusha. Nasema kwamba uamuzi ufanywao mahali pamoja kwa shida ya mahali pale waweza kusafiri mbali sana, na mhakiki yampasa kuufuata hata huko.

Kidonda cha pili kilitoka kwa mvua. Tarehe 15 Juni 1976 mvua kubwa ilinyesha Houston. Timu mbili zilikuwa zimekwisha kufika uwanjani, na ndani hapakuanguka hata tone. Lakini barabara za mji zilifurika, waamuzi na karibu watazamaji wote wakashindwa kufika, na mchezo ukaahirishwa kwa sababu ya mvua katika jumba lililojengwa ili mchezo usiahirishwe kwa sababu ya mvua. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, na mimi sikatazi kicheko. Walakini kina fundisho: jumba halisimami peke yake. Jumba ni sehemu ya mji, na paa zuri kupita yote halina faida ikiwa mifereji ya mji haifai.

Kidonda cha tatu ni cha fedha, nacho ndicho kirefu. Hofheinz alikuwa fundi wa biashara kuliko watu wengi wa wakati wake. Viti vya juu kabisa, vilivyo mbali na mchezo, ambavyo kwa kawaida huuzwa kwa bei ndogo kuliko vyote, alivigeuza kuwa vyumba vya kifahari vya matajiri na makampuni, akaviuza kwa bei kubwa. Mtu alilipa zaidi ili aone kidogo, mradi aonekane. Viwanja vingi vilivyofuata duniani viliiga vyumba hivyo. Tena palikuwa na ubao wa matokeo wenye urefu wa futi 474, ambao timu ya nyumbani ilipopata pointi kubwa uliwaka taa za picha za ng'ombe, bastola na fataki. Watu waliupenda sana.

Basi katika miaka ya 1980 timu ya futiboli iitwayo Oilers ilidai viti zaidi, na mwenye timu akatishia kuihamisha. Wilaya ikatumia dola zipatazo milioni 67 za umma kuongeza viti vipatavyo 10,000, na ili viti hivyo vipate nafasi, ubao ule uliopendwa na wote ukaondolewa mwaka wa 1988. Timu ilikaa miaka minane tu. Baada ya msimu wa 1996 ilihamia jimbo la Tennessee, ikawaachia wenyeji deni na viti vitupu. Timu ya besiboli nayo ilihama mwishoni mwa msimu wa 1999 kwenda katika uwanja mpya. Hapa, msomaji, twaona kwamba jengo la umma likitegemea hiari ya mtu mmoja mwenye mali, umma huwa mpangaji katika nyumba yake wenyewe.

Kama ningeishia hapa ungeweza kunidhania kuwa adui wa jumba hili. Mimi si adui wake. Mhakiki atajaye kasoro peke yake ni sawa na shahidi aelezaye nusu ya kisa. Natugeukie mema yake.

Jema la kwanza halionekani katika picha zake. Mwaka wa 1961, wapiga kura walipoombwa fedha, Texas ilikuwa nchi ya ubaguzi wa rangi. Mtu mweusi hakupokelewa katika hoteli nyingi wala katika mikahawa mingi ya mji ule. Viongozi wa Wamarekani weusi wa Houston walikubali kuunga mkono ujenzi kwa sharti moja, kwamba uwanja huo usibague rangi. Sharti likakubaliwa, na ulipofunguliwa mwaka wa 1965 watu wa rangi zote waliingia kwa milango ile ile na kuketi katika safu zile zile. Kwa maoni yangu sharti hilo lilikuwa kazi bora kuliko paa. Paa lilitengenezwa na wahandisi kwa chuma. Sharti lilitengenezwa na watu wasiokuwa na mali wala cheo kikubwa, ambao walijua thamani ya kura zao, wakazitumia wakati zilipohitajiwa.

Jema la pili ni kwamba jumba lilikuwa la matumizi mengi. Tarehe 14 Novemba 1966 bondia Muhammad Ali alipigana na Cleveland Williams humo mbele ya watu zaidi ya 35,000, idadi ambayo ndondi za ndani ya jumba hazikupata kuiona kabla ya siku ile. Tarehe 20 Januari 1968 Chuo Kikuu cha Houston kilikishinda chuo cha UCLA cha Los Angeles kwa pointi 71 kwa 69 katika mpira wa kikapu, mbele ya watazamaji 52,693, na televisheni ikauonyesha mchezo huo nchi nzima. Toka siku ile watu walitambua kwamba mchezo wa vyuo waweza kujaza jumba kubwa. Tarehe 20 Septemba 1973 Billie Jean King, bingwa wa tenisi wa kike, alimshinda Bobby Riggs, mwanamume aliyekuwa bingwa zamani na aliyejigamba kwamba wanawake hawawezi mchezo huo. Watu 30,472 walikuwamo, na mamilioni walitazama kwa televisheni. Kila mwaka palifanywa maonyesho ya mifugo na michezo ya kupanda farasi na mafahali. Chama kikubwa cha siasa kilifanya mkutano wake mkuu humo mwaka wa 1992. Mwimbaji Selena, binti wa Texas mwenye asili ya Meksiko, aliujaza uwanja huo kwa watu wake Februari 1995, wiki chache kabla ya kifo chake.

Jema la tatu halikukusudiwa na mtu yeyote. Mwisho wa Agosti 2005 tufani iliyoitwa Katrina iliupiga mji wa New Orleans, na maji yakaufunika. Watu wengi walikimbilia katika uwanja wa kuba wa mji wao, uliojengwa mwaka wa 1975 kwa kufuata mfano wa Houston, lakini upepo ulilichana paa lake na umeme ukakatika. Ndipo walipopakiwa katika mabasi wakapelekwa Houston. Maelfu kwa maelfu walilala juu ya vitanda vya kambi katika uwanja ule ule wa Ali na Billie Jean King, wakapewa chakula, dawa na nguo. Wengi wao walikuwa maskini, na wengi walikuwa weusi. Wakati huo jumba lilikuwa halina timu hata moja, na baadhi ya watu walikuwa wakiliita gofu. Hakuna mchezo uliopata kuchezwa humo wenye uzito kama wa siku zile.

Sasa tuwatazame watoto wa jumba hili, maana kazi hujulikana pia kwa wale walioiiga. Kuba la Seattle lilifunguliwa mwaka wa 1976, likabomolewa kwa baruti mwaka wa 2000, na deni lake liliendelea kulipwa mpaka mwaka wa 2015. Kuba la Minneapolis, ambalo paa lake lilikuwa la kitambaa kilichoinuliwa kwa hewa, lilitumbukia kwa uzito wa theluji Desemba 2010, na baadaye likabomolewa. Toronto ilifungua mwaka wa 1989 uwanja wenye paa liwezalo kufunguka na kufungika. Viwanja vingi vipya vilivyofuata vilichagua njia hiyo, na hiyo yenyewe ni hukumu juu ya mama yao: watu waliona kwamba wanalihitaji paa, lakini pia wanalihitaji jua.

Jumba la Houston lenyewe halikubomolewa. Lilifungwa kwa umma kwa kuwa halikutimiza tena kanuni za usalama. Mwezi wa Novemba 2013 wapiga kura waliulizwa kama watakubali dola milioni 217 zitumike kuligeuza kuwa jumba la maonyesho na mikutano, na wengi wakakataa. Mwaka uliofuata liliandikwa katika daftari la taifa la mahali pa kihistoria. Hivyo watu wale wale walikataa kuligharimia na wakasita kulibomoa. Wengine husema huo ni udhaifu. Mimi naona kwamba ni uaminifu wa watu ambao hawajakata shauri. Wanajua kwamba jumba limewagharimu, na wanajua pia kwamba limewaweka pamoja.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa swali la kwanza, kusudi lilikuwa jema. Kwa swali la pili, lilitimizwa nusu: watazamaji walipata raha, lakini nyasi, wachezaji na hazina ya wilaya vililipa. Kwa swali la tatu ndipo pana ubishi. Ikiwa kusudi lilikuwa kuyashinda maumbile, halikustahili, wala halikutimia. Ikiwa kusudi lilikuwa kuwapa watu wa mji mmoja, wa kila rangi, mahali pa kukutania wasipopigwa na jua wala mvua, lilistahili. Wajenzi walijivunia sana mitambo na ubao wa taa, vitu ambavyo muda umekwisha kuvipita. Kilichowapasa kujivunia ni mlango uliokuwa wazi kwa wote.

Nawe, msomaji, usingoje kufika Texas ndipo uhakiki jengo. Katika wilaya yako upo uwanja, au soko, au ukumbi uliojengwa kwa kodi ya watu. Uendee siku moja ukiwa na daftari. Uliza ulijengwa lini, kwa kiasi gani, na kwa ajili ya nani. Tazama mahali maji ya mvua yapitapo. Tazama nani aketi kivulini na nani aketi juani. Andika ulichokiona kwanza. Sifa na lawama utaziandika baadaye.